Mwezi, Siku na Zamu: Uchumi na Maamuzi ya Nyumba katika Mji wa Kindu

1. Utangulizi

Mji wa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umekaa juu ya kingo mbili za mto Lualaba. Komini za Kasuku na Mikelenge ziko upande wa kushoto. Komini ya Alunguli iko ng'ambo, upande wa kulia. Humo wanaishi Wasongola, Wakusu, Walega, Wazimba, Wabangubangu, Wagenya na wengine wengi, na lugha inayowakutanisha sokoni, msikitini, kanisani na mezani ni Kiswahili. Lugha hiyo iliingia Maniema katika nusu ya pili ya karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, ambao walifanya Nyangwe na Kasongo kuwa vituo vyao vikubwa. Leo ni moja ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya mwaka 2006.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi nguvu za uchumi zinavyoongoza maisha ya jamaa na maamuzi ya nyumba katika mji huo. Mara nyingi jambo hili huelezwa kwa kipimo kimoja tu, yaani wingi au uchache wa fedha: wenye nacho huamua hivi, wasio nacho huamua vile. Kipimo hicho ni cha kweli lakini hakitoshi. Fedha ina muda wake pia. Nyumba inayopata fedha mara moja kwa mwezi haipangi mambo yake sawa na nyumba inayopata fedha kila jioni, hata kama jumla ya mwaka inalingana. Tena, muda wa fedha huenda pamoja na mkono unaoipokea: fedha ya mwezi ilikuwa kwa kawaida mkononi mwa baba, na fedha ya siku iko zaidi mkononi mwa mama. Historia ya nyumba za Kindu kwa miaka mia moja iliyopita yaweza kusomwa kama safari kutoka fedha ya mwezi hadi fedha ya siku, na maneno ya Kiswahili cha Kongo yamehifadhi alama za safari hiyo.

2. Fedha ya mwezi: mshahara na posho

Kindu ya leo ni mtoto wa reli. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi CFL, iliundwa mwaka 1902 ili kuunganisha sehemu za mto zinazopitika kwa meli na kuzikwepa zile zenye maporomoko. Njia ya Kindu hadi Kongolo, yenye urefu wa kilomita 355, ilifunguliwa mwaka 1911. Kuanzia hapo mizigo ya kusini ilishuka kwenye treni na kuingia melini kuelekea Ubundu na Kisangani. Kazi hiyo ya kupakia, kupakua, kutengeneza na kuandika hesabu iliwavuta watu wengi kutoka vijiji vya Maniema na mbali zaidi. Baadaye, katika miaka ya 1930, makampuni ya madini ya bati, kama vile Symétain huko Kalima, yalifungua kambi zao za wafanyakazi msituni, na bati lao likapitia Kindu.

Reli na mgodi vilileta aina mpya ya nyumba. Mfanyakazi alipokea mshahara mwisho wa mwezi, na juu ya mshahara akapewa posho, yaani chakula kilichogawiwa na kampuni kwa ajili yake, mke wake na watoto wake. Neno hili linastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili cha pwani, posho ni chakula au fedha ya kujikimu anayopewa mtumishi, askari au msafiri. Katika Kiswahili cha Katanga, na pia katika Kilingala kwa umbo la karibu, neno hilohilo limechukua maana ya pili: wiki. Ugawaji wa chakula ulifuata wiki, na watu wakaanza kuhesabu siku zao kwa ugawaji huo. Ni nadra kupata ushahidi wa wazi zaidi kuwa uchumi wa kampuni uliingia hadi ndani ya kalenda ya nyumba.

Utaratibu huo ulikuwa na matokeo makubwa kwa maamuzi ya jamaa. Kwanza, ndoa iliyoandikwa ilikuwa na faida ya fedha, kwa sababu mke na watoto waliotambuliwa na mwajiri walihesabiwa katika posho, na baadaye katika nyongeza ya mshahara kwa ajili ya jamaa. Pili, baba alikuwa mlango wa pekee wa mali ya kampuni: nyumba ya kambini, matibabu, nafasi ya mtoto shuleni, vyote vilikwenda kwa jina lake. Shamba la mama na mawese aliyouza vilikuwa na thamani, lakini vilionwa kama nyongeza. Tatu, mwezi ulikuwa na umbo linalojulikana. Mtu aliweza kuahidi. Aliweza kumwambia mkwe wake kuwa sehemu ya mali italetwa baada ya miezi mitatu, au kumwambia mwalimu kuwa karo italipwa mwisho wa mwezi, na ahadi hiyo ikapokelewa. Mkopo dukani ulisimama juu ya msingi huohuo.

3. Kuvunjika kwa mwezi

Msingi huo uliporomoka polepole, kisha kwa kishindo. Hatua za Novemba 1973 zilizohamisha maduka na mashamba ya wageni mikononi mwa raia wa Zaire zilivuruga biashara ya ndani. Mwaka 1976 makampuni ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa na kuwa SOMINKI. Oktoba 1985 bei ya bati ilianguka katika soko la dunia baada ya Baraza la Kimataifa la Bati kushindwa kuendelea kuitegemeza kwa kununua akiba. Uamuzi huo ulifanyika London, lakini matokeo yake yalifika hadi kwenye vyungu vya Kalima na Kindu: kambi zilipunguza watu, na kampuni yenyewe haikumaliza miaka ya 1990. Reli nayo ilikosa vipuri, treni zikachelewa, na mishahara ikachelewa pamoja nazo.

Hata mshahara uliofika haukuwa tena mshahara. Mwaka 1994 bei katika Zaire zilipanda kwa maelfu ya asilimia. Oktoba 1993 serikali ilikuwa imetoa zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na Kasai ikakataa kuitumia. Faranga ya Kongo ilipotolewa Juni 1998, faranga moja ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Katika hali kama hiyo kungoja mwisho wa mwezi kulikuwa ni kupoteza. Kaya zilijifunza kugeuza noti kuwa kitu upesi: kipande cha kikwembe, bati la kuezekea, mbuzi, baiskeli. Akiba ilihama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye vitu, na wenye kuweza wakaihamishia katika dola ya Marekani.

Vita vilimaliza kilichobaki. Oktoba 1998 Kindu ilichukuliwa na waasi wa RCD. Treni kutoka Katanga haikuweza kuvuka mstari wa mapigano, meli za Ubundu zilisimama, na kuna wakati ambapo hata mashamba ya nje ya mji hayakufikika kwa usalama. Reli ilifunguliwa tena mwaka 2004, lakini haikurudi kuwa mwajiri ule wa zamani. Vizazi viwili sasa vimekua mjini humo bila kuujua mwezi kama wazazi wao walivyoujua. Wachache waliobaki na mshahara wa kila mwezi, kama vile walimu, watumishi wa serikali na wafanyakazi wa mashirika ya misaada, ndio hutafutwa na jamaa zao wote.

4. Fedha ya siku na biashara ya "kadogo"

Nafasi ya mwezi ilichukuliwa na siku. Katika Kindu ya leo nyumba nyingi huishi kwa kinachouzwa kuanzia asubuhi hadi jioni: mchele, unga wa muhogo, sombe, mawese, karanga, samaki wa Lualaba, makaa, sabuni, kikombe cha chumvi. Wauzaji wengi ni wanawake. Mchele wenyewe ni urithi mrefu: mpunga uliletwa na watu wa pwani katika karne ya 19, kisha serikali ya kikoloni ikaulazimisha pamoja na pamba kama zao la lazima, na leo ni bidhaa kuu ambayo shamba la Maniema huipa soko la Kindu.

Katika miji ya Kongo ununuzi wa vipimo vidogo umepewa jina la Kiswahili: "kadogo". Hata Kinshasa, mji wa Kilingala, neno hilo linaeleweka hivyo. Mafuta hayanunuliwi kwa chupa bali kwa kijiko. Sukari hufungwa katika vifuko vya kutosha chai ya asubuhi moja. Msomaji wa pwani atakumbuka methali ya haba na haba hujaza kibaba. Lakini maana imegeuka. Methali inamsifu mtu anayekusanya kidogo kidogo hadi kipimo kijae, ilhali biashara ya "kadogo" inafanya kinyume chake: inakivunja kipimo kikubwa katika vidogo ili mwenye kidogo apate kula leo. Na kidogo huwa ghali. Anayenunua kijiko kwa kijiko hulipa, kwa chupa nzima, zaidi ya yule aliyeweza kuinunua mara moja. Hii ndiyo kodi isiyoandikwa ambayo fedha ya siku hutozwa.

Uchumi huu unaingia jikoni moja kwa moja. Katika miji ya nchi hiyo kuna neno jingine la kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja, "delestaji", lililochukuliwa kutoka kwenye mgao wa umeme. Umeme ukikatwa mtaa huu ili mtaa mwingine uwashe taa, ndivyo jamaa wanavyogawana chakula kwa zamu: leo wadogo wanakula, kesho wakubwa. Uamuzi wa nani ale ni uamuzi wa uchumi katika umbo lake lililo wazi kabisa, nao hufanywa na mama, mbele ya moto, kwa fedha aliyoipata mwenyewe saa chache kabla.

5. Zamu: namna ya kuurudisha mwezi

Udhaifu mkubwa wa fedha ya siku ni kwamba mahitaji makubwa ya jamaa hayaji kwa siku. Hospitali, minervali ya shule, kodi ya nyumba, msiba na mali ya ndoa hudai fungu zima kwa wakati mmoja. Kwa hiyo watu wamebuni njia ya kulijenga upya fungu lililopotea. Njia hiyo ni "likelemba", chama cha kuchangishana kwa zamu. Kwa mfano, wanawake kumi wakitoa faranga 5,000 kila mmoja kwa wiki, kila wiki mmoja wao atapokea 50,000, na baada ya wiki kumi duara linaanza tena. Hakuna riba na hakuna karatasi nyingi. Kinachoshikilia duara ni kujuana na aibu ya kuonekana mkosaji mbele ya wenzako.

Watumishi wenye mishahara midogo nao hufanya likelemba, lakini kwa wauzaji wa sokoni chama hiki kina maana ya ziada. Mchango ukishatolewa, fedha hiyo imetoka nyumbani. Haiwezi kuombwa na mume, shemeji wala mgeni aliyefika ghafla. Mama anaweza kusema kwa haki kabisa kuwa hana kitu, kwa maana kitu kiko kwa wenzake. Zamu yake ikifika, anapokea fungu ambalo matumizi yake yameshapangwa. Likelemba, basi, ni akiba na pia ni ukuta: inailinda fedha ya mama dhidi ya madai ya jamaa bila kuvunja heshima ya jamaa hao. Nguvu ya kuamua imehamia kwa mwanamke kimyakimya, pasipo mtu kutangaza.

6. Septemba na mavuno: uamuzi wa nani asome

Mahali ambapo mivutano hii yote hukutana ni shuleni. Baada ya migomo mikubwa ya walimu iliyoanza mwaka 1992, wazazi wa Zaire walibeba mzigo wa kuwalipa walimu ili shule zifunguliwe, na desturi hiyo ikakaa kwa zaidi ya robo karne. Serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma kuanzia Septemba 2019, kama Katiba ya 2006 ilivyokwishaagiza. Wazazi wengi walipumua. Hata hivyo shule ya sekondari inalipiwa bado, na daftari, viatu na sare havikufutwa na tangazo lolote.

Kalenda ya shule inapingana na kalenda ya shamba. Mpunga hupandwa mvua zinaporudi baada ya kiangazi cha Juni hadi Agosti, na huvunwa mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Mwaka wa shule hufunguliwa Septemba. Kwa hiyo fungu kubwa linadaiwa wakati ambapo ghala ni tupu na mbegu imeingia ardhini. Mkulima aliyebanwa atakopa kwa mfanyabiashara na kuahidi mpunga ambao haujaota, kwa bei ya chini kuliko itakayokuwepo wakati wa mavuno. Ada ya muhula wa kwanza hulipwa hivyo na mavuno ya mwaka mzima.

Asiyeweza kukopa huchagua. Watoto watatu wakiwa tayari kwa sekondari na fungu likitosha wawili, mara nyingi msichana ndiye anayengojeshwa. Sababu zinazotolewa ni za hesabu: yeye anaweza kumsaidia mama kuuza, na hivyo kubaki kwake nyumbani kunaongeza fedha ya siku, kaka yake, inasemwa, atasaidia wazazi baadaye. Hesabu hiyo inaonekana safi mpaka mtu atazame anayeilipia minervali ya kaka. Mara nyingi ni mama, kwa likelemba ya sokoni. Nyumba inayotegemea werevu wa mwanamke katika biashara inamnyima binti yake masomo ambayo yangeuongeza werevu huo, kwa sababu faida ya leo inahesabika na faida ya miaka kumi haihesabiki. Binti aliyengojeshwa mwaka mmoja, agharabu hangojeshwi mmoja tu.

7. Machimbo: bahati badala ya mshahara

Kwa vijana wa kiume njia nyingine ni machimbo. Tangu sheria ya mwaka 1982 iliporuhusu raia kuchimba na kuuza madini kwa mikono, maelfu ya watu wa Maniema wametafuta dhahabu na kasiteriti katika maeneo kama Kailo, Punia na Kalima, mengine yakiwa ndani ya vibali vya SAKIMA, kampuni iliyomrithi SOMINKI. Fedha ya machimbo si ya mwezi wala ya siku. Ni ya bahati. Huja kwa wingi siku moja na kupotea majuma mengi. Mke aliyebaki mjini hawezi kuitegemea katika mipango yake, kwa hiyo biashara yake ndogo hugeuka kuwa nguzo, hata kama mume anaitwa bado mlishaji.

Udhaifu wa njia hiyo ulionekana Septemba 2010, pale Rais Joseph Kabila aliposimamisha uchimbaji wa mikono katika majimbo ya Maniema, Kivu Kaskazini na Kivu Kusini hadi Machi 2011. Julai ya mwaka huohuo Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya kuyadai makampuni yake yaeleze asili ya madini wanayotumia. Nia ilikuwa kuwakata fedha wenye silaha. Lakini Septemba ni mwezi wa kufungua shule, na nyumba zilizongoja fedha ya machimbo kwa ajili ya minervali zilikuta mlango umefungwa. Kama ilivyokuwa mwaka 1985, amri ya mbali ilikuwa imeingia katika mazungumzo ya mume na mke.

8. Mali, mahari na sheria

Neno la mwisho la kuangaliwa ni "mali". Kwenye pwani neno hili ni utajiri au kitu anachomiliki mtu. Katika Kiswahili cha Kongo lina maana hiyo, na tena lina maana ya kile kinachotolewa na upande wa mume kwa wazazi wa binti: "kulipa mali" ni kuoa kikamilifu. Kanuni ya Jamaa ya Agosti 1987 ilikubali desturi hiyo na kuifanya sehemu ya ndoa. Katika nyumba za Waislamu, ambao ni wengi Maniema, kuna pia mahari, na mahari kwa sheria ya dini ni haki ya bibi arusi mwenyewe. Katika mji mmoja, basi, fedha ya ndoa ina njia mbili: moja inakwenda kwa jamaa, nyingine inakwenda kwa mwanamke. Vijana wasio na fungu huanza kuishi pamoja wakiahidi mali baadaye. Na mali isipolipwa, mwanamke hubaki na kazi zote za mke pasipo ulinzi wa ndoa.

Sheria yenyewe imesogea polepole kuliko soko. Kanuni ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume kwa shughuli za kisheria zinazomfunga binafsi, na ilikisia kuwa usimamizi wa mali za nyumba uko kwa mume. Marekebisho ya Julai 2016 yaliondoa idhini hiyo na kuwataka wanandoa wapatane, lakini yaliacha kifungu kinachomtaja mume kuwa mkuu wa nyumba.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa maamuzi ya nyumba za Kindu, kuanzia chungu hadi shule na ndoa, hufuata muda wa fedha na mkono unaoipokea. Mwezi ulimpa baba uwezo wa kuahidi. Siku imempa mama mzigo wa kulisha. Zamu imempa mama huyo uwezo wa kupanga. Hata hivyo heshima, sheria na lugha zinazungumza bado kama vile mwezi haujavunjika. Baba huitwa mlishaji na mkuu, na mama husemwa kuwa "anasaidia".

Kitenzi hicho "kusaidia" kina gharama. Madhali mapato ya mama yanaitwa msaada, hesabu ya nani asome itaendelea kufanywa kana kwamba binti hatalisha mtu. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kuielewa jamii ya Kindu afanye vyema kuyasikiliza maneno haya, posho, kadogo, likelemba, mali, kusaidia, pale yanaposemwa sokoni na nyumbani, kwa kuwa ndani yake mabadiliko ya uchumi yamekwisha kuandikwa, hata pale wasemaji wenyewe wanapoendelea kuyatumia kwa mazoea ya zamani.